Mwanamke wa Ndani ya Noah

Mjomba Emilian alinunua Noah kuukuu kwa bwana mmoja wa Babati, na ndani ya Noah hiyo alikuwamo mwanamke. Hakuonekana. Ukiwasha tu gari, alisema sentensi moja ya Kijapani kwa sauti laini, ya mtu aliyelelewa vizuri, kisha akanyamaza mpaka gari lizimwe na kuwashwa tena. Kijiji chote cha Endagikot kilimjua. Mjomba alikuwa ameshaamua kwamba mama huyo anawatakia safari njema, na kila alipomaliza alimjibu, "Asante, mama." Bibi Natalia, aliyemzaa mjomba, yeye alishikilia kuwa ile ni sala ya dereva, na akiisikia alifanya ishara ya msalaba.

Kwa hiyo Violeth aliposhuka Mbulu mjini kwa likizo ya Pasaka, akitokea chuo cha utalii Arusha alikokuwa akisomea kuongoza wageni wa Japani, alimkuta mjomba stendi anamsubiri kwa tabasamu la mtu aliyetega mtego.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Weka begi nyuma, wewe kaa mbele. Leo tutajua."

Violeth hakuwa na hamu ya kujua chochote. Mwaka wa kwanza Kijapani kilikuwa rafiki yake: hii ni kalamu, yule ni mwalimu, choo kiko wapi. Mwaka wa pili wakaingizwa kiwango cha kati, na lugha ikambadilikia kama mchumba aliyekwishalipa mahari. Vitenzi vikaanza kuota mikia. Mkia mbaya kuliko yote ulikuwa wa kauli ya kutendwa. Kitabu kiliueleza kwa Kiingereza, kikatoa na mfano: Mjapani akikutwa na mvua njiani husema yeye mwenyewe "ameangukwa na mvua." Violeth alikisoma Kiingereza kile, akakisoma tena, akaona sasa ana lugha mbili asizozielewa. Mtihani wa katikati ya muhula aliufanya hivyo hivyo, na alama alizopata hakumwonyesha mtu. Wakati huo huo baba yake, mzee Wolfgang Akonaay, alikuwa ameshatangaza kwenye jumuiya kwamba binti yake anaongea Kijapani kama anakunywa maji.

Mjomba akawasha. Yule mwanamke akasema, "I-ti-sii kaado ga sounyuu sarete imasen."

"Haya," mjomba akasema.

"Zima, uwashe tena."

Akazima, akawasha. Kaado, hiyo ni kadi. Sounyuu, kuingiza, lilikuwa kwenye somo la kutoa pesa benki. Halafu ukaja ule mkia, sarete imasen, yule yule adui wa darasani, amekuja kumfuata mpaka kwao. Wapiga debe wawili walikuwa wameshasogea dirishani kusikiliza.

"Anasema kadi haijaingizwa," Violeth akasema.

Tabasamu la mjomba likaondoka polepole. "Kadi gani?"

"Ni I-ti-sii. Hiyo siijui."

"Na safari njema?"

"Hamna, mjomba. Ni kadi tu."

Mjomba akaendesha kimya mpaka nyumbani. Violeth alidhani amehuzunika kwa kunyang'anywa mtu wa kumtakia mema. Hakujua kwamba kadi ya gari lile ilikuwa bado na jina la yule bwana wa Babati, na kwamba mjomba tangu alinunue alikuwa akisema ataenda ofisi ya mapato kubadilisha umiliki, mara baada ya mavuno, mara mvua zikipungua. Walipofika uani alizima gari, akabaki ameshika usukani.

"Hayo maneno," akasema, "anayasema kila nikiwasha?"

"Kila ukiwasha."

"Hata nikiwa nimebeba watu?"

"Hata ukiwa umembeba padre."

Kuanzia hapo mjomba alipata kikohozi. Kikohozi hicho kilimshika anapowasha gari tu, nacho kilikuwa kikubwa cha kuweza kufunika sentensi nzima.

Jumamosi wakaondoka kwenda Gehandu, upande wa Hanang, kwenye ubatizo wa mjukuu wa mjomba. Walikuwa wanne: mjomba na mzee Wolfgang mbele, Bibi Natalia na Violeth nyuma pamoja na jogoo na dumu la maziwa. Mvua iliwakuta kwenye mteremko wa udongo mwekundu. Noah ikateleza, ikaingia mtaroni kwa adabu kabisa, ikatulia. Wakashuka wote, hata Bibi, aliyekataa kusukuma lakini akasimama akitoa maelekezo kwa Kiiraqw. Gari lilipotoka mtaroni wakarudi ndani wakiwa wamelowa chapachapa; Bibi alivua kitambaa cha kichwa, akakikamua miguuni mwa jogoo, akasema kwa uchovu:

"Leo tumenyeshewa."

Violeth akageuka kumtazama.

"Umesemaje, bibi?"

"Nimesema tumenyeshewa. Wewe hukulowa?"

Violeth akalirudia neno lile kimoyomoyo. Mvua ndiyo iliyonyesha, lakini walionyeshewa ni wao. Ndicho kitabu kilichokuwa kikihangaika kukisema kwa Kiingereza kwa ukurasa mzima! Ame ni furareta: nimenyeshewa. Akajaribu mengine. Mtu akifa kwao, wewe umefiwa. Mke akiondoka, umekimbiwa. Mgeni akifika huna hata chai, umejiwa. Wajapani nao walisema hivyo hivyo, mkia kwa mkia, na yeye alikuwa na mkia huo mdomoni tangu anajifunza kusema. Akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?" baba yake akauliza.

"Kijapani, baba."

Mzee Wolfgang akamgeukia shemeji yake. "Unaona? Huyu anafikiri kwa Kijapani."

Mjomba hakuona kitu, kwa sababu mbele yao, kwenye njia panda ya kuingilia Gehandu, alikuwa amesimama askari wa usalama barabarani na mkono juu. Mjomba alisimamisha gari, na kwa hofu akalizima. Papo hapo akakumbuka kwamba gari lililozimwa lazima liwashwe, na uso wake ukawa kama wa jogoo aliyekuwa nyuma.

Askari alikuwa kijana wa Lindi, jina lake Hilary, viatu vimejaa tope hadi kwenye kamba. Aliinama dirishani.

"Shikamoo, bibi. Shikamooni, wazee."

"Marahaba," wakaitika.

"Mnaelekea Gehandu?"

"Tunaelekea," mjomba akasema kwa sauti ndogo. "Ubatizo."

"Vizuri. Hebu washa gari."

Mjomba akavuta pumzi, akawasha, akakohoa kikohozi kirefu kuliko vyote. Mwanamke wa ndani ya Noah akasubiri amalize. Pengine ni umeme wa gari ulichelewa kwa sababu ya maji, lakini alisubiri, kisha akasema sentensi yake yote, taratibu, kila neno mahali pake.

"Huyu anasema nini?" afande akauliza.

Violeth alitazama sakafuni. Baba yake ndiye aliyejibu, kwa furaha ya mtu aliyelipa ada miaka miwili akingojea swali hilo.

"Mwulize binti yangu. Anasoma chuo. Violeth, mfasirie afande."

"Baba, mimi—"

"Mfasirie."

Violeth alimtazama mjomba kwenye kioo. Mjomba alikuwa amefumba macho.

"Anasema kadi haijaingizwa," akasema.

"Ni kweli, afande," mjomba akalipuka. "Sikatai. Kadi ina jina la yule bwana wa Babati mpaka leo. Si wizi, nimelinunua kihalali. Nilikuwa naenda Jumatatu. Huyu mama amenisema sana, na amesema kweli."

Afande Hilary alivitazama viatu vyake vya tope.

"Mzee," akasema, "pikipiki yangu imezama kwenye tope kule nyuma. Mimi nilikuwa naomba lifti."

Mzee Wolfgang alimpisha mbele. Njia nzima afande alimweleza mjomba, kwa upole na kwa kirefu, hatua za kubadilisha umiliki wa gari, na mjomba aliitikia "ndiyo, afande" kwenye kila kona. Ubatizoni walikaa meza moja. Afande alikula nyama mara mbili, na wakati wa kuagana akasema kwamba wiki ijayo atakuwa barabara ile ile na angependa kulisikia gari tena.

Usiku huo Violeth alimtumia mwalimu wake, Mwalimu Hayashi, sauti ya yule mwanamke, aliyokuwa ameirekodi kwa simu. Jibu lilikuja Jumatatu mchana: kwao kuna barabara za kulipia, na I-ti-sii ni kadi ya kulipia inayowekwa ndani ya gari ili lipite bila kusimama. Kifaa kinakumbusha tu kwamba kadi hiyo haimo.

Mjomba alipokea habari hiyo akiwa amesharudi kutoka Babati, miguu ikimuuma kwa kusimama kwenye foleni ya ofisi ya mapato.

"Kwa hiyo hakuwa ananisema mimi."

"Hapana, mjomba."

"Na wewe ulishindwa kuniambia kabla sijamwambia afande?"

"Sikujua, mjomba. Mimi bado niko kiwango cha kati."

Mjomba akamtazama, akataka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka Bibi akatoka jikoni kuuliza nani amefika.

Chuoni, kwenye mtihani wa mazungumzo, Violeth alisimulia safari ya Gehandu kwa Kijapani, mtaro, mvua, afande na jogoo. Alikosea maneno mengi, lakini mikia yote ya kutendwa ilikaa sawa. Mwalimu Hayashi alimuuliza nani kamfundisha. Violeth akaandika ubaoni "tumenyeshewa" na kulieleza. Mwalimu alilitazama neno lile kwa muda, akaomba lisifutwe, na kipindi kilichofuata akaanza nalo mbele ya darasa zima.

Violeth alifaulu, si kwa kishindo, lakini alifaulu. Muhula uliofuata wakatangaziwa somo jipya: lugha ya heshima, namna ya kumsemesha mkubwa, mgeni na bosi, kila mmoja kwa kitenzi chake. Wenzake wa Arusha mjini waliguna. Violeth, aliyekulia mahali ambapo mtoto hapiti mbele ya mzee bila kuamkia, alifungua daftari akaandika tarehe.