Pipa Lililorudi na Harufu ya Ubani

Hapa Kabambare, katika ukoo wetu, pombe ya sherehe hainywewi kabla sijaionja. Kazi hiyo niliirithi kwa marehemu mama mkwe wangu, ambaye alinichagua kwa sababu mbili: sikuwa mlevi, na sikuwa na huruma. Andika hivyo hivyo, mjukuu wangu. Usiniwekee upole mahali ambapo sikuutaja. Kalamu ni yako kwa sababu wewe ndiye uliyepelekwa shule, lakini maneno ni yangu, na utanisomea yote kabla hujafunga daftari.

Mwonjaji huanza kwa macho. Pombe ya ndizi iliyokomaa huwa na rangi ya mto baada ya mvua ya kwanza, na povu lake hukaa pembeni mwa kikombe bila haraka. Baada ya macho huja pua. Baada ya pua huja funda moja, linalowekwa juu ya ulimi na kuachwa litembee lenyewe, mbele, kisha ubavuni, hadi kooni, ambako uongo wote wa mpishi hujulikana. Mtu anayemeza upesi hajaonja, amekunywa tu. Uchachu wenyewe si kosa. Upo uchachu unaofungua mate kama ndimu changa, na upo uchachu wa chombo kilichosahauliwa juani, na aliyezoea chupa tamu za depo, lile ghala la bia na soda, hawezi kuutenga mmoja na mwingine. Nikishamaliza, nina maneno matatu, na tangu nianze kazi hii sijaongeza la nne: Itanywewa. Irudi. Imwagwe.

Watu wametoka mbali kuyafuata maneno hayo. Mfanyabiashara mmoja alinijia kutoka Salamabila na chupa ya lotoko, ile pombe kali ya mahindi inayochemshwa mpaka mvuke wake udondoke mweupe kama maji. Alinieleza kwamba wachimbaji wa dhahabu huinywa kabla ya kushuka shimoni. Nilichukua nusu ya funda, na kwa kitambo masikio yangu yalikuwa kama ya mtu mwingine.

"Wakishakunywa hii," nilimwuliza, "wanapandaje kutoka shimoni?"

"Koko," alijibu, maana hapa bibi huitwa hivyo, "wakishainywa hawashuki."

Nilimwambia kwamba huenda imeokoa watu wengi, na kwamba imwagwe.

Mwingine aliniletea malofu, pombe ya mchikichi, ndani ya bidoni lililowahi kubeba petroli. Nilipomwambia kwamba amenipa pikipiki iliyoyeyuka, alikasirika.

"Lakini koko, niliosha na sabuni."

"Najua. Nayo nimeionja."

Tangu siku hiyo kila mwanamke apikaye pombe mjini hapa anajua sheria zangu: chombo hakiguswi na sabuni, wala hakiguswi na moshi. Wapo niliowarudisha nyumbani mbele ya wageni wao kwa sababu chungu kilikaa karibu na jiko. Walilia. Niliwaacha walie.

Chombo changu mwenyewe ni pipa. Babu yako alikuwa seremala, akitengeneza mabenchi ya kanisa kwenye misioni. Mapadri walipoanza kuletewa divai ya misa katika chupa, walimpa pipa dogo la mbao walilokuwa wakiitilia zamani, lenye pete za chuma na tundu moja la kuzibwa kwa kizibo. Pombe ya ndizi ikilala ndani ya mbao hizo hupata kitu ambacho chungu hakiwezi kuipa, ukavu fulani wa kistaarabu, kama mtu mzima anayejua kukaa kimya. Siliazimishi. Hutoka nyumbani kwa jambo moja tu, binti wetu anapoposwa. Hapo huenda kwa wakwe likiwa tupu, nao hulirudisha limejaa, ili tuone kama watu wanaotaka kumchukua mtoto wetu wanaweza kujaza kilicho kitupu. Nikisema itanywewa, binti anakwenda. Nikisema irudi, pipa linarudi njiani, na habari ya ndoa inaanza upya.

Sasa tumefika kwako, wewe unayeandika. Inua kichwa.

Kijana aliyekutaka alikuwa wa nyumba ya Waislamu wa Kasongo, wauza vitenge karibu na soko. Alikuja kuuza nguo hapa Kabambare mara moja, na hilo lilieleweka. Kisha akaendelea kuja, na mji ukaendelea kununua kidogo, na yeye akaendelea kuja. Wewe nilikulea mwenyewe tangu mama yako alipofariki, kwa hiyo ilinibidi mimi kumpokea baba yake alipofika na ndugu zake, wamevaa kofia safi na wamejaa salamu nzuri. Tulielewana katika mambo yote mpaka nilipoagiza pipa liletwe sebuleni.

"Mama, sisi pombe hatunywi," alisema baba yake.

"Sikuwaomba mnywe. Naomba mlete."

"Hata kuibeba haturuhusiwi."

"Na sisi haturuhusiwi kumtoa mtoto bila hiyo."

Walitazamana. Mjomba wako, mwanangu wa kwanza, ambaye hupenda amani kwa sababu inamwahisha kula, ndiye aliyepata njia. Walikuwa na jirani huko Kasongo, Mkristo, ambaye kazi yake ni kusukuma baiskeli yenye mizigo kati ya miji yetu miwili. Yeye angelichukua pipa, angelijazisha kwa mama mmoja mpishi wa pombe, angelileta. Wao wasingeigusa wala kuiona. Dini yao ingebaki safi na desturi yangu pia. Pipa likaondoka siku hiyohiyo, limefungwa nyuma ya pikipiki ya mchumba wako, aliyewasindikiza wazee wake, naye alipaswa tu kulikabidhi kwa jirani.

Kisha mvua zikaanza mapema. Habari zilitufikia kwamba pipa limeshajazwa, na kwamba limeshaondoka Kasongo, na kwamba daraja la magogo limekwenda na maji, na kwamba msukuma baiskeli amekaa ng'ambo na mzigo wake akingoja mto upungue. Pombe ya ndizi haingojei mito. Nilihesabu moyoni jinsi inavyozidi kukomaa, kisha kupita kukomaa huko, nikaacha kuhesabu. Wewe ulikuwa ukifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Walifika wote kwa pamoja, kwa sababu wakwe waliokuja kwa pikipiki walimkuta msukuma baiskeli mtoni na wakavuka naye. Baba wa kijana alikuwepo, kijana mwenyewe alikuwepo, na safari hii walikuja pia na shangazi yake. Mwanamke huyo ni dada mkubwa wa baba yake, naye anaitawala nyumba ile ya Kasongo kama ninavyoitawala hii. Tulisalimiana kwa heshima kubwa na tukapimana kwa macho.

Pipa likawekwa katikati ya sebule. Mjomba wako akang'oa kizibo, na kabla pombe haijatoka, harufu ilitoka. Sebule yangu ilinukia kama chumba cha bibi harusi wa Kasongo.

"Nani amechezea pipa langu?" niliuliza.

"Koko, mimi nimesukuma tu," alisema yule wa baiskeli.

"Na mbona limepungua?"

"Njia iko mubaya, koko. Lilikuwa linapumua. Kila kilima, linapumua."

"Lilikuwa likipumulia kinywani mwako?"

Akaanza kuitazama minyororo ya baiskeli yake kupitia mlangoni.

Hapo shangazi akasema kwa sauti ya mtu anayepokea shukrani kabla hazijatolewa, "Huo ni ubani wangu, mukwe. Nilifukiza mwenyewe. Mutoto alilileta uani kwangu, jirani hakuwapo, nikamwuliza hiki ni nini, akasema ni pipa la harusi. Nikasema moyoni, ni la maji ya wageni. Lakini lilikuwa na harufu mbaya, sitaki kukuficha. Nikaweka ubani kwenye makaa, nikalifunika juu ya moshi mpaka mbao zikashiba. Kwenu hamfukizi maji ya wageni?"

Wakati huohuo mjomba wako alikuwa amekwisha kuliinamisha pipa, na kikombe kilikuwa kikijaa kitu cha rangi ya udongo chenye povu.

Shangazi alikitazama kikombe. Akamtazama kaka yake. Akamtazama kijana.

"Haya maji iko na povu kwa sababu gani?"

"Shangazi," alisema kijana akiangalia viatu vyake, "nilisema pipa la harusi. Nilishindwa kukuambia lile neno lingine."

"Ubani wangu," alisema shangazi. "Ule mzuri. Ule niliokuwa naweka kwa Idi." Akamwomba Mungu msamaha mara kadhaa, akabeba kiti chake mpaka ukutani, akakaa akilipa pipa mgongo. Lakini masikio yake aliyaacha kwetu.

Mjomba wako alininong'oneza kwamba njia itafungwa kabisa wiki hizi, na kwamba pipa likirudi, hatutaliona tena kabla ya kiangazi. Baba wa kijana, ambaye alisikia, alisema kwa adabu kwamba duka haliwezi kumngoja mtu hadi kiangazi. Kama ndoa haipo, mwanawe atakwenda Salamabila kuwauzia wachimbaji nguo. Sote tulijua vijana waliokwenda Salamabila kwa msimu mmoja na hadi leo hawajarudi. Wewe pia ulijua, kwa sababu uliniita jikoni kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwako.

"Koko, sema tu itanywewa."

"Sijaionja."

"Ndiyo maana. Sema kabla hujaionja."

"Nikisema hivyo leo, ni mwanamke gani wa mji huu ataniamini kesho?"

"Koko, mimi siolewi na wanawake wa mji huu."

Nilikuambia uangalie sombe, yale majani ya muhogo, isiungue, nikarudi sebuleni.

Macho hayakuona kosa. Pua ilikataa mapema. Funda la kwanza lilikuwa na moshi kama nyumba iliyoteketea na kuzimwa kwa maji ya baraka. Neno irudi lilikuwa tayari kwenye meno yangu. Lakini nimejifunza kutosema chochote mpaka koo limalize kazi yake, na koo langu lilikuwa bado linashughulika na kitu.

Nikachukua funda la pili. Uchachu ulitangulia, safi, wa pombe iliyopata muda mrefu kuliko nilivyowahi kuthubutu kuipa, maana mimi huzibua pipa mapema kwa sababu ya njaa ya wageni. Zikafuata mbao, na ndani ya mbao ile divai ya mapadri, ambayo naijua kama ninavyoijua sauti ya babu yako. Nyuma yake ukaja ubani, polepole, kama mgeni aliyevua viatu mlangoni. Nguvu ilikuja mwisho, ikakaa kifuani bila kupiga kelele. Nilikasirika sana.

Funda la tatu nililichukua kwa nia mbaya. Nilitafuta kosa katika kila kona ya kinywa changu, nikalitafuta kama mke mwenza anavyolitafuta kwa mwenzake. Sikulipata.

"Mama," alisema mjomba wako, "umekunywa mara tatu. Wewe hunywi mara tatu."

"Nyamaza."

Niliwafikiria wale wanawake niliowarudisha kwa sababu ya moshi kidogo. Wote wangesikia habari hii kabla ya jua kutua, na wangeisimulia vizuri zaidi yangu. Nilimtazama shangazi ukutani, mgongo umenyooka, mwanamke ambaye hajawahi kuigusa pombe maishani mwake na ambaye alikuwa ametengeneza iliyo bora kuliko zote nilizoonja, bila kukusudia na kwa majuto makubwa. Ningeweza kusema irudi. Hakuna mtu pale ambaye angeweza kunibishia. Jikoni hapakusikika mwiko, wala kifuniko, wala mguu wako.

"Itanywewa," nilisema.

"Mama, umesema irudi?" aliuliza mjomba wako.

Nilikuwa nimelisema kwa sauti ya chini kidogo. "Nimesema itanywewa. Na ukiniuliza tena nitabadili."

Wanawake wa jirani waliokuwa wamejibanza dirishani wakapiga vigelegele. Baba wa kijana akafuta uso kwa kofia yake. Sombe iliungua, usibishe, nilisikia harufu yake juu ya ubani wote ule. Wewe ulitoka jikoni na mwiko mkononi, ukanipita mimi niliyetoa neno, ukaenda kupiga magoti mbele ya shangazi, ambaye bado hakuwa amegeuka.

"Wamekubali?" aliuliza akiutazama ukuta.

"Wamekubali, shangazi."

"Mungu awasamehe," alisema, akakukumbatia, akakushika hivyo kwa muda mrefu, naye analia, na sebule nzima ikawatazama ninyi wawili. Mimi nilibaki peke yangu kando ya pipa nikiwa na kikombe kitupu. Kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinitazama, nilijiongezea kidogo.