Samaki na Frite za Papa

Daktari alimkataza papa, baba yangu, mafuta siku ya Jumatatu. Jumatano mama akapanda gari kwenda Pweto, kwa mtoto wa dada yake aliyekuwa amejifungua mapacha. Nyumbani tukabaki wawili: mimi, binti wa miaka thelathini na moja, msaidizi wa mwalimu katika shule moja huko Kasapa, na mzee mstaafu wa reli ambaye maishani hajawahi kuchemsha hata maji ya chai.

Mama aliniaga akiwa tayari mlangoni. "Papa yako na mafuta, apana. Umesikia?"

Nilisikia. Tatizo ni kwamba papa alipenda samaki na frite, yaani chipsi, kuliko chakula chochote, tena zitoke kwenye mafuta zikiwa zinang'aa. Kule kwa daktari aliulizia Jumapili kwa sauti ya kinyenyekevu, "Na Siku ya Mungu, dokta?" Akajibiwa kwamba hata Mungu mwenyewe angemshauri apunguze.

Nikakumbuka kuwa tuna furu ya kuokea. Mama alinunua jiko la umeme kwa familia moja ya mtaa wa Golf iliyokuwa inahama, na chini ya jiko lile kuna oveni kubwa yenye mlango wa kioo. Haikuwahi kuoka kitu. Mama aliifanya kabati la sufuria, maana yeye hupikia mbabula, jiko dogo la makaa, na lile la umeme ni la kuonyesha wageni.

Jumamosi nikanunua mfuko wa frite za barafu na vipande vya samaki vilivyopakwa unga wa mkate. Nikaviweka mezani, nikaanza kuhamisha sufuria kwenda sebuleni. Katikati ya kazi shoga yangu akapiga simu. Yeye ana maneno. Nilipomaliza kucheka, mfuko ulikuwa unatoka jasho na frite zimelainika. Sikujali. Nikamwaga zote kwenye sinia moja, samaki nikawalaza juu yake, nikasukuma ndani, ndipo nikawasha.

Baada ya dakika arobaini nikamwita papa mezani. Akachukua frite moja kwa vidole viwili. Ikainama, kama inamwamkia.

"Iyi njo nini?"

"Frite, papa."

"Iyi iko mugonjwa kunipita miye."

Samaki nao waliacha ngozi yao yote ya mkate kwenye sinia, wakabaki uchi. Tulikula bukari, yaani ugali, na mboga ya lengalenga ya jana. Papa alipomaliza kunawa, akavaa miwani, akaenda kwenye pipa la taka, akautoa mfuko wa frite na kuusoma Kifaransa chake kwa sauti, mstari kwa mstari, kama anasoma kanuni za kituo cha treni.

"Ulisoma hii?"

"Hapana, papa."

"Unafundisha batoto kusoma kule Kasapa, na weye mwenyewe hausome."

Jumamosi iliyofuata nikamkuta jikoni, kitenge cha mama kimefungwa kiunoni, sufuria zote zimeshapangwa kwenye makochi.

"Leo miye njo shefu. Weye utasaidia."

Akawasha furu na kuacha sinia tupu ndani yake. Nilipotaka kutoa mfuko mpya wa frite kwenye friji akanipiga kofi dogo mkononi. "Ngoja. Moto kwanza." Robo saa tulikaa tukitazama kioo. Kisha frite zikatoka kwenye barafu moja kwa moja hadi kwenye sinia lililopata moto, zikalia *chiiii*, na papa akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile ya daktari. Alizitandaza moja moja, hakuna iliyomlalia mwenzake. Nilisema zilizobaki zinaweza kuingia pia.

"Zikibanana, zinatokwa jasho. Zitaingia safari ya pili."

Samaki aliwapa sinia lao, wakaingia baadaye kidogo kwa kuwa wao huiva upesi. Kijiko kimoja cha mafuta nilipakaza chini yao nikiwa nimesimamiwa kama mwizi. Katikati akafungua mlango, mvuke ukamjaa miwani, akazigeuza frite bila kuona chochote. Chumvi alikataa isiguse chakula mpaka kitoke.

Alikuwa amechuchumaa mbele ya furu na tochi mkononi, maana taa ya ndani ilikufa zamani, mlango wa nyumba ulipofunguka. Mama! Alipata gari la kurudi siku mbili kabla ya siku tuliyomtarajia. Kikapu cha samaki wakavu wa Pweto kichwani, akasimama akiyatazama makochi yake.

"Sufuria zangu ziko zinafanya nini mu salo?"

Papa hakugeuka. "Funga mulango. Moto itakimbia."

Mama akafunga. Sijui kama ni mshangao au ni uchovu wa safari, lakini alifunga, akatua kikapu, akaja kuchungulia naye.

Tulikula watatu. Frite zilikuwa za rangi ya dhahabu, nje zinavunjika, ndani laini. Samaki waliachia sinia bila ugomvi. Mama alionja, akatafuna polepole, macho kwenye dari, kama anayetafuta kosa pale juu. Akachukua nyingine. Halafu akavuta sahani yote upande wake.

"Nani amepika?"

Nikamwonyesha papa kwa kidevu. Mama akakitazama kile kitenge chake, akamtazama mwenyewe ndani yake, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Jumamosi inakuya utapika tena?"

"Sijui," papa akasema, akijipangusa mdomo taratibu. "Inategemea namna utaniomba."

Mama akamwomba. Vizuri tu, hata mimi nikaona aibu kusikiliza, nikaenda kuosha masinia.