Kamba ya Mafundo ya Mama

Msumari wa bati ukitolewa taratibu hulia kama kifaranga. Mlio huo ndio ulioniamsha asubuhi tulipoanza kubomoa nyumba yetu ya machimboni Nyamongo, baada ya shimo la baba kuacha kutoa dhahabu. Majirani nao walikuwa wanahama, ila wao waling'oa kwa pupa, mabati yakikunjamana na vumbi jekundu likituingia puani. Mama hakutaka hivyo. Baba alikuwa ametangulia Busawe kusimamisha nguzo, masika yalikuwa yanakaribia, na mabati mengine hatukuwa na namna ya kuyapata. Kila tundu la ziada lingekuwa maji kitandani.

Kwetu mwanamke hapandi paa, kwa hiyo mama aliongoza kutoka chini, shingo imemkakamaa, na baba mdogo akawa juu na nyundo.

"Weka kipande cha ubao chini ya nyundo ndipo ung'oe, shemeji. Ukilikunja bati utalinyoosha kwa ulimi?"

"Mama Bhoke, hivi tunabomoa nyumba au tunamvua bibi harusi shela?"

"Mvue basi. Polepole."

Mimi nilinyoosha misumari juu ya jiwe. Nakiri, niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Kila msumari niliuviringisha, na ukirukaruka niliugonga tena, hata mama aliposema umetosha. Yeye aliyaandika mabati alama kwa mkaa, kila moja lirudi mahali pake. Kisha akachukua kamba ya katani, akapima nafasi za papi, zile mbao zinazoshika bati, akafunga fundo penye kila papi na kumpelekea baba. Papi za Busawe zikifuata mafundo, kila tundu la zamani lingekuta mbao. Zisipofuata, tungetoboa upya, na matundu ya zamani yangebaki wazi juu yetu.

Siku ya kuezeka huko Busawe mawingu yalikuwa yamefunga. Baba, ambaye hakupenda kupimiwa kazi na mtu, hakutuambia kama aliifuata kamba. Mama hakuuliza. Baba mdogo akaingiza msumari kwenye tundu la kwanza, akagonga. Ikatoka sauti nzito, ya chuma kukuta mti.

"Umeshika, mura?" baba akamuuliza mdogo wake, akimwita kijana kwa Kikurya.

"Umeshika!"

Baba akashusha pumzi, akatoa kamba mfukoni, nyeusi kwa jasho, akamrudishia mama. Usiku ule mvua ilinyesha, tukalala pakavu.

Leo najenga vyumba viwili Turwa. Ujenzi nimejifunza mwenyewe, kwa kuangalia na kuharibu. Mabati ni mapya, yanang'aa, na nimepima papi hadi fundi kachoka nami.

"Dada, nipige wapi?" aliniuliza jana kutoka juu.

Bati jipya hulipigi likakataa. Popote linakubali, wala halina tundu la kuniambia kwamba nimepatia. Nikasimama chini, shingo imenikakamaa, nikamwambia apige polepole, nisikie mti.