Fainali ya Ukweni

Emiliana wa Kiomboi hakuanza kurusha vishale kwa kuupenda mchezo. Alianza kwa hasira, na wanaomjua vizuri wanasema mambo yake mengi ya maana yameanza hivyohivyo.

Alikuwa fundi cherehani, mjane wa dereva wa hospitali, na chumba chake cha kushonea kilipakana na grosari ya bwana mmoja aitwaye Marko. Marko alitundika ubao wa vishale kwenye ukuta wa uani. Wateja wake, wakishapata bia mbili tatu, walikuwa wakiukosa ubao, wanaukosa na ukuta, na vishale vinatua dirishani kwa Emiliana. Siku kimoja kilipotua kwenye suti ya bwana harusi, alikichomoa akaenda nacho uani kuwaonyesha wale wanaume kwamba ubao ni mpana na asiyeupata ni mlevi. Akarusha. Akaukosa. Naye siku hiyo hakuwa amekunywa kitu zaidi ya chai.

Wanaume walinyamaza kwa adabu, na kile kimya ndicho kilichomkera. Emiliana ni mwanamke asiyeweza kuvumilia kitu kisichokwenda alikokituma, kiwe mtoto, kiwe uzi. Kesho yake jioni, alipofunga cherehani, alirudi uani kwa Marko, na keshokutwa vilevile. Mwinjilisti wa usharika wake, maana mama huyu ni mwanakwaya wa siku nyingi, alimwita kumuuliza habari za grosari. Alijibu kwamba yeye anakunywa soda, na kwamba wale walevi, tangu alipoanza kuwafunga, wamepunguza pombe ili nao wamfunge. Mwinjilisti alilitafakari jambo hilo, akaona nalo ni huduma, akamwacha.

Mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Kila mmoja anaanza na mia tano na moja, anarusha vishale vitatu kwa zamu, na alichopata kinapunguzwa mpaka ibaki sifuri kamili. Kishale cha kumalizia lazima kiingie kwenye utepe mwembamba wa pembeni mwa ubao, uitwao dabo, ambao huhesabu namba yake mara mbili. Hapo kwenye dabo ndipo wanaume wazima hutoka jasho.

Njia ya kwenda kwenye mashindano ya dunia ya wachezaji wa kulipwa nayo inaelezeka. Ukishinda wilayani unakwenda mkoani. Mshindi wa mkoa, mmoja tu, anakwenda Dar es Salaam kwenye taifa. Mshindi wa taifa anakwenda kwenye mchujo wa Afrika, na mshindi wa huko ndiye anayepanda ndege kwenda Ulaya kurusha vishale mbele ya kamera. Kwa hiyo kutoka uani kwa Marko hadi Ulaya ni ngazi nne, na Emiliana alikuwa ameshapanda mbili. Miaka miwili mfululizo alikuwa bingwa wa mkoa wa Singida. Miaka yote miwili alitolewa Dar mechi ya kwanza, akarudi na fulana. Mwaka huu aliitaka Dar kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu aagize cherehani ya umeme. Alisema anataka kufika mahali ambapo mtu akikosa, amekosa yeye mwenyewe, si bia iliyokosa.

Sasa, kule Iguguno, wilaya ya jirani, alikuwako kijana mnunuzi wa alizeti aitwaye Paschal. Naye alikuwa akirusha vishale, na sifa zake zilifika Kiomboi kabla ya mabasi. Lakini kila yalipofika mashindano ya mkoa, Paschal hakuonekana. Mwaka juzi ilisemekana ana malaria. Mwaka jana ilisemekana amekwenda Haydom kutafuta ng'ombe. Emiliana hakumuulizia sana, kwa sababu Paschal alikuwa mkwe wake, mume wa binti yake Jenipher, na mambo ya mkwe hayaulizwi hovyo.

Hapa lazima nisimame kidogo. Siku hizi wakwe wanapiga picha wamekumbatiana, wanatumiana katuni kwenye simu, na mimi sina neno. Lakini kwa wazee wa ukoo wa Emiliana, mama mkwe na mume wa bintiye hawapeani mikono, hawatazamani usoni, hawali pamoja. Wakikutana njiani mwanamume anaacha njia, mwanamke anajifunika kitenge. Heshima hiyo hudumu mpaka mama mkwe mwenyewe aiondoe, na kwa kawaida haiondoi kabla hajaletewa mbuzi. Wenzake Emiliana walishaiacha zamani. Yeye hakuiacha. Paschal aliwahi kutuma watu kuulizia habari ya mbuzi, wakajibiwa kwamba bado. Emiliana alipokwenda Iguguno kumwona mjukuu, Peniel, alitanguliza ujumbe, na Paschal alipitia mlango wa nyuma wa nyumba yake mwenyewe.

Mwaka huu chama cha mchezo kilitoa kanuni mpya: mchezaji akifuzu wilayani kisha asitokee mkoani, wilaya yake inafungiwa. Wenzake Paschal walimkalisha kitako wakamweleza kwamba malaria ya mwaka huu itawagharimu wote. Akaja. Alikuja akiwa na ombi moja moyoni, kwamba mama mkwe wake atolewe mapema, na aliliomba kwa nia njema kabisa.

Halikujibiwa. Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi mmoja wa sherehe kule Unyambwa, nje kidogo ya mji, ambao bado ulikuwa na mapambo ya kipaimara cha jana yake. Emiliana aliwafunga wa Manyoni, wa Ikungi na wa Singida mjini. Paschal, upande wa pili wa droo, naye aliwafunga wake bila kutaka sifa. Alasiri ikabaki fainali, nayo ilikuwa ya mtu na mkwewe, na atakayetangulia kushinda michezo minne ndiye wa kwenda Dar.

Mwamuzi alikuwa Laurian, mwalimu mstaafu wa Itigi, mtu wa kanuni.

"Peaneni mikono," akasema.

Hakuna aliyesogea.

"Imeandikwa. Wachezaji watapeana mikono."

"Mwalimu," Emiliana akasema, akiwa ametazama dirishani, "yule ni mkwe wangu."

Laurian alifikiri. Kisha alimpa mkono Emiliana, akavuka ukumbi, akampa Paschal mkono uleule, akarudi kukaa. Hakuna kifungu kilichokataza.

Wakaanza. Mmoja akirusha, mwingine hutakiwa kusimama nyuma yake, kwa hiyo Paschal alisimama nyuma ya nguzo. Emiliana akimaliza alirudi kwa kupita ukutani, kitenge kikiwa kimevutwa hadi kwenye paji la uso, ndipo Paschal akatoka nguzoni akitazama sakafu. Watazamaji wa Kiomboi hawakuona ajabu. Wa mjini walidhani ni mbinu.

Emiliana alishinda mchezo wa kwanza, akashinda na wa pili. Kwenye wa tatu Paschal alitangulia kufika, akawa amebakiza dabo ya namba kumi tu. Vishale vyake vitatu vikatua nje kidogo ya waya wa utepe huo. Zamu iliyofuata, vitatu vingine, nje ya waya. Emiliana akamalizia wake. Tatu kwa bila. Watu wa Kiomboi walianza kuimba, na mchezo mmoja tu ulibaki aende Dar.

Lakini yeye alikuwa akiutazama ubao. Mtu anayekosa hukosa huku na huku. Vishale vya Paschal vilikosea mahali pamoja, vimekaribiana kiasi kwamba kifungo cha shati kingeyafunika matundu yake yote. Emiliana aliomba mapumziko, akaenda moja kwa moja mpaka alipokuwa amekaa Jenipher, na Peniel akiwa amelala mapajani.

"Mumeo anaumwa?"

"Hapana, mama."

"Macho?"

"Mazima."

"Basi anafanya nini pale?"

Jenipher alimwekea mtoto vizuri nguo ambayo haikuwa na kasoro. "Anakuheshimu," akasema.

"Na mwaka jana, Haydom?"

"Hakwenda Haydom, mama. Alikuwa nyumbani, amelala chali."

"Malaria je?"

"Hakuwa na malaria. Alisikia umeandikisha jina. Akasema hawezi kusimama kumrushia mama mkwe wake."

Kabla ya kuona huruma Emiliana aliona hasira, maana ndivyo alivyo. Aliviona moyoni vikombe vyake viwili vya ubingwa juu ya kabati kule nyumbani, vile anavyovifuta kila Jumamosi, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Halafu, tusimsingizie utakatifu, aliiwaza Dar. Mchezo mmoja tu. Angeurusha, angeushinda, na hakuna mtu duniani ambaye angeuliza. Aliliwaza hilo kwa dhati, kwa muda unaotosha kumaliza chupa ya maji, akiitamani safari ile. Kisha akarudi mstarini.

"Mwalimu," akamwambia Laurian, "mwambie Baba Peniel arushe."

"Anasema urushe," Laurian akaitangazia nguzo.

"Mwambie mama narusha," ikajibu nguzo.

"Anasema anarusha."

"Mwambie nimeshika mkasi tangu yeye hajazaliwa. Kilichokatwa kwa makusudi nakijua."

Laurian aliyafikisha neno kwa neno.

"Mwambie mama," hatimaye sauti ikatoka, ndogo, "mimi siwezi."

"Hawezi," akasema Laurian, ambaye sasa alikuwa ameweka kalamu chini.

Emiliana alishusha kitenge kikaangukia mabegani. Alikwenda mpaka kwenye nguzo, akaizunguka, akasimama mbele ya mkwewe, uso wazi. Mabibi wawili wa Kiomboi walishika midomo. Paschal akarudi nyuma mpaka ukuta ukamkataa.

"Baba Peniel," Emiliana akasema. "Nipe mkono."

Paschal aliutazama ule mkono kana kwamba ni wa moto.

"Mbuzi utaleta siku nyingine. Nipe mkono."

Akautoa, mikono yote miwili, kichwa kimeinama. Mkono wa mama mkwe ulikuwa mgumu vidoleni, wenye sugu ya mkasi. "Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba. Haya, nifunge kama unaweza."

Aliweza. Mchezo wa nne ulikwisha watu wa Kiomboi wakiwa bado wanaimba, wa tano ukawakatisha ubeti. Wanaosema Emiliana alikata tamaa hawakuwepo. Alirusha vizuri kuliko siku zote alizowahi kurusha, miguu imekaza, soda imesahauliwa juu ya meza, na kila alipotua pazuri Paschal alitua pazuri zaidi, mkono wake ukienda na kurudi kama mtu anayemwaga mbegu. Tatu kwa tatu. Kwenye mchezo wa mwisho Emiliana alitangulia kufika kwenye dabo nane. Kishale cha kwanza kilipita nje. Cha pili kiligonga waya, kikadondoka sakafuni, na sauti yake ikasikika ukumbi mzima. Cha tatu hakikumfaa kitu. Paschal alisogea mstarini, dabo kumi ileile, akaipata kwa kishale cha kwanza.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, watu husema, na Emiliana alikubali. Alimpa mkono mara ya pili, bila kuombwa. Lakini kukubali si dawa. Iliuma. Alikwenda chooni akafungulia bomba, akalia kama wanavyolia watu wenye wageni sebuleni, kwa haraka na bila sauti, kisha akanawa uso.

Aliporudi chakula kilikuwa tayari, wali na kuku wa kienyeji, na meza ya wachezaji wa fainali ilikuwa moja. Jenipher alikaa katikati kwa tahadhari. Paschal alikaa pembeni kabisa, tako moja kitini, akijaribu kula bila kutafuna.

"Baba Peniel," Emiliana akasema.

"Naam, mama."

"Ile miaka miwili. Ungekuja, ungenifunga?"

Jenipher aliacha kijiko hewani. Paschal alimeza tonge lililokuwa mdomoni, na likachukua muda kushuka. Kisha akainua uso, akamtazama mama mkwe wake machoni, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipomwoa bintiye.

"Ndiyo, mama," akasema. "Yote miwili."

Emiliana aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa vipimo ambavyo alishavipima mwenyewe. Hilo nalo liliuma, na liliuma kuliko fainali. Akaivuta sahani yake. Mpishi alikuwa amemwekea firigisi, kipande cha mshindi, kwa kuwa tangu asubuhi alijua nani atashinda. Emiliana akaichota kwa kijiko, akanyoosha mkono mbele ya Jenipher, akaiweka juu ya wali wa mkwewe.

"Kula," akasema.