Wananisubiri Mimi Nifunge Maji ya Mboghoni

Admin, nifichie jina tafadhali. Voi ni mji mdogo na watu wa nyumbani wanausoma huu ukurasa. Mama yangu tu ndiye simhofii, maana simu yake ni mulika mwizi, haina intaneti.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na nne, mzaliwa wa kijiji cha Mboghoni. Naishi Voi na watoto wangu wawili, mume wangu ni mwalimu Wundanyi na huja wikendi. Nina kampuni niliyoanzisha na kijana tuliyesoma naye chuo, nitamwita Dan. Tunakodisha pampu za sola kwa wakulima. Pampu inashushwa kisimani, mkulima analipia kidogo kidogo kwa simu, na ndani yake kuna kidude chenye laini ya simu kinachotuonyesha imefanya kazi kwa saa ngapi. Kidude hicho hicho kinaweza kuizima sisi tukiwa ofisini Voi. Tulikiweka kwa sababu ya wezi, na Mungu ni shahidi yangu, sikuwahi kukiwazia kazi nyingine.

Mwaka jana tukapata mwekezaji kutoka Nairobi. Nilifurahi hadi nikalia. Nilimpeleka mwenyewe Mboghoni akiwa na viatu vyeupe, akarudi navyo vimekuwa rangi ya shamba, nami nikadhani ameelewa watu wetu wanavyoishi. Kumbe alikuwa anahesabu paipu.

Kwetu mtu akiwa na maji, jirani anavuta paipu na kumwagilia na yeye. Hakuna kuombana sana, unapaza sauti tu ukiwa kwako, mwenye maji anaitikia, basi. Pampu moja inanywesha mashamba matatu na hakuna anayeshangaa. Mwekezaji alishangaa. Alituambia kampuni haiwezi kukua namna hiyo, kila jirani anayemwagilia bure ni mteja tuliyempoteza. Akataka pampu ikizidisha saa zinazotosha shamba moja ijifunge yenyewe, hadi majirani wachukue za kwao. Dan akasema huo ndio mkakati tuliokuwa tunakosa. Mimi nikasema tufikirie kwanza. Sikuwa na ubavu wa kukataa wazi, kwa sababu sehemu ya kwanza ya uwekezaji ilikuwa imeshaingia na tulikuwa tumeshaagiza pampu mpya. Tukipewa sehemu ya pili, tunavuka. Tukinyimwa, mafundi wetu wote wanarudi nyumbani.

Basi majuzi jirani wa mama, nitamwita Baba Neema, akanipigia. Pampu yake imekufa, jua ni kali, na kitunguu ndio kinaanza kutunga kichwa. Nikatuma fundi. Fundi akafungua kila kitu, hakuna kilichoharibika. Siku zikapita Baba Neema akibeba maji kwa ndoo na mke wake, na majani yakaanza kulala. Nilipombana Dan ndipo akasema, bila hata kuinua macho kutoka kwa kompyuta, kwamba walikuwa wanajaribu. Yeye na watu wa mwekezaji. Walichagua pampu moja inayovutwa na majirani, wakaifunga, waone kama hao majirani watakuja kuchukua zao.

Nilimwambia huyo mzee ana watoto shuleni na hicho kitunguu ndicho karo. Akaniambia, "Hii ni biashara, si chama ya kina mama. Wewe ukiendelea na hiyo roho, tutafunga ofisi." Akaifungua pampu mbele yangu kwa kidole kimoja. Baba Neema akanipigia kunishukuru. Aliniuliza shida ilikuwa nini, nikamwambia ni mtandao. Alinibariki.

Sasa wanataka pampu zote ziwekewe hiyo kufuli ya kujifunga. Pampu moja kila mmoja wetu anaweza kuizima, lakini mfumo wote hauwezi kubadilishwa mpaka tukubali wote wawili, mimi na Dan, kila mmoja kwa simu yake. Dan ameshabonyeza. Mimi nimepewa hadi Jumatatu. Nilipomuuliza nikikataa itakuwaje, alisema nisijidanganye, nisipobonyeza watamtafuta mtu wa kukaa kwenye kiti changu abonyeze. Sijui kama ni vitisho au ni kweli. Mume wangu sijamwambia. Sili vizuri, na simu ikiita nashtuka, naona ni mkulima ananiambia wamejua.

Maana watajua tu. Fundi wetu mmoja ameshaanza kuniuliza maswali. Na wakijua, hawatamtafuta mwekezaji Nairobi wala Dan. Watakuja kwetu, kwa mama, anayeishi katikati yao.

Jana mama akanipigia akiwa na furaha. Baba Neema ameogopa kuitegemea ile pampu yake tena, kwa hivyo kitunguu kilichopona anakimwagilia kwa pampu ya mama, nayo ni ya kampuni yetu. Wengine wawili wameunga paipu zao hapo. Nikamuuliza kwa nini amewaruhusu wote hao.

"Mimi ndiye nimewaita," akasema. "Nimewaambia wavute huku kwangu. Hii ni ya mtoto wangu, nani ataizima?"

Nilijifanya simsikii, nikakata.

Ndugu zangu, nimeingia kwenye mfumo nikaangalia. Kwa saa inazofanya kazi sasa, nikibonyeza Jumatatu, pampu ya mama ndiyo itajifunga ya kwanza, mbele ya watu aliowaita mwenyewe. Nisipobonyeza, huenda nikakosa kampuni na bado ikafungwa na mtu asiyemjua hata kwa jina. Naogopa sana. Wanaojua mambo ya biashara na wanaojua mambo ya nyumbani, nisaidieni mawazo. Nibonyeze, nikatae, au niende Mboghoni kesho niwaambie ukweli kabla hawajaujua wenyewe?