Mita Mia Nne za Mama Ramani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, umande haujakauka, Mama Ramani ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni mwa shamba la watu. Mkono wa kushoto unalisugua bega la kulia. Mbele yake kuna mashimo sitini na moja, yote yamefukiwa vizuri kama alivyomwahidi mwenye shamba.

"Misumari, vizibo vya soda na bawaba moja ya mlango," anasema. "Hiyo ndiyo kazi ya wiki tatu."

Leo ni Jumamosi. Jumatatu trekta linaingia kulima, na ruhusa yake ya kuchimba hapa inakwisha.

Mama huyu wa miaka hamsini na tisa hutafuta vyuma vilivyofukiwa ardhini. Wenzake wenye mashine kama yake, fimbo ndefu yenye sahani bapa chini, hupita popote wakisikilizia mlio. Yeye huanza na ramani za zamani. Hutafuta mahali palipojaa watu zamani na sasa pamebaki majani: gulio lililohama, kituo cha reli kilichong'olewa, kivuko kilichoachwa baada ya daraja kujengwa.

"Penye watu wengi hapakosi kilichodondoka," anasema. Siku njema huuza kilo sita za chuma chakavu. Siku mbaya, ambazo ndizo nyingi, hurudi na tope la viatuni.

Kwa miaka ishirini na saba alikuwa mchoraji wa ramani katika ofisi ya upimaji. Mwaka aliostaafu, ofisi ilizitoa ramani kuukuu nje ili zichomwe. Alizibeba kwa mkokoteni, safari nne, karatasi mia mbili na kumi na nne. Marehemu mumewe alizoea kuwaambia wageni kuwa alioa mke mmoja, akaletewa wengine mia mbili na kumi na nne.

Tangu hapo analala nazo chumba kimoja, akigombana na mchwa.

Makumbusho ya mji yamekubali kuzipa chumba kikavu, na kumpa yeye kazi ya kuzipanga siku tatu kwa wiki. Sharti ni moja: athibitishe kwamba zinaaminika. Msimamizi alichagua karatasi inayoonyesha gulio mahali ambapo leo hapana hata jiwe, akamwambia alete ushahidi.

"Nimechoka kulinda karatasi, mwanangu," anamwambia mwandishi wa makala haya. "Lakini ukishamlea mtoto wa mwenzio mpaka akakua, unamtupaje?"

Anayemchimbia ni shemeji yake, mdogo wa marehemu. "Kaka yangu aliniachia urithi," anasema shemeji akiinua sepetu. "Ndio huu." Kisha anamchokoza: "Shemeji, mtafutaji hachoki, akichoka keshapata."

"Basi mimi nimeshapata siku nyingi."

Kosa lilijulikana jana jioni. Ramani yenyewe imechakaa, kwa hiyo shambani huenda na nakala aliyotoa dukani. Binti yake, akihamisha mafurushi ili apige dawa ya mchwa, aliilaza nakala juu ya ramani. Haikufika ukingoni.

"Mama, mbona hii yako ndogo?"

Mwenye duka alikuwa ameipunguza kwa moja ya tano ili ienee kwenye karatasi yake. Mstari wa vipimo ulio chini ya ramani ulikatwa, yakabaki maandishi tu: inchi moja kwa maili moja. Mama Ramani aliyaamini. Gulio lililokuwa kilomita mbili kutoka daraja la zamani, ambalo bado lipo, yeye alilitafuta kilomita moja na nusu na kidogo.

"Nimefundisha vijana wangapi ofisini? Usiyaamini maandishi, pima mstari uliochorwa." Anatikisa kichwa. Aibu inaonekana usoni mwake. "Mganga hajigangi."

Mita mia nne. Wanazitembea polepole, bado ndani ya shamba lile lile, kuifuata barabara ya zamani, ambayo sasa ni mfereji wenye nyasi. Bega linauma, anahamishia mashine mkono wa kushoto. Saa tatu kasoro mashine inalia, mlio mnene usiokatika. Shemeji anachimba hadi magotini.

Ni jiwe la mizani, la shaba, limeota kutu ya kijani, na alama ya uzito bado inasomeka. Hatua mbili mbele wanapata la pili, dogo zaidi.

Shemeji anapiga kigelegele cha kiume kibaya sana. Mama Ramani hapigi. Anaketi chini, si kwenye ndoo bali kwenye udongo wenyewe, jiwe mapajani, na machozi yanamtoka bila sauti.

Jumatatu, trekta likiwa shambani, atakuwa mlangoni pa makumbusho na mawe mawili na ramani. Atawapa na ile nakala. Tayari ameandika pembeni mwake kwa wino mwekundu: "Hii ilinipoteza wiki tatu. Msiitumie kupimia."

Na akipewa kazi?

"Nitawaomba kiti chenye mgongo," anasema. "Halafu nirudi nyumbani nikalale chumba kitupu."