Mshika Simu wa Mkomani

Kama umewahi kualikwa arusi ya wanawake Amu, kisiwani Lamu, miaka hii, Bi Zamzam unamjua, na huenda una kinyongo naye. Ndiye yule mama mnene aketiye dakani, pale kwenye vibaraza vya mawe kati ya mlango wa nje na wa ndani, miguu kainyoosha kwa sababu ya magoti, mfuko wa jinzi mapajani. Wengine wakikupokea kwa marashi na vikuba vya asumini, yeye hukupokea kwa neno moja tu: "Simu."

Mfuko ule aliushona mwenyewe kwa suruali kuukuu, una vijifuko mia na ishirini, kila kimoja na nambari yake. Unatoa simu, unapewa kibao cha plastiki chenye nambari hiyo, ndipo unaingia. Huko ndani wanawake huvua mabuibui, wakabaki na magauni ambayo hata kaka zao hawajawahi kuyaona, wakateza ngoma mpaka nywele zikalowa. Wamejipamba ili waonane wao kwa wao, basi. Picha moja ikitoka nje, kuna mtu atalia.

Lakini watu ni wabishi. Yupo aliyeficha simu ndani ya nepi ya mwanawe. Yupo aliyeitumbukiza katika chupa ya kahawa akidhani ni tupu, kisha akamlaumu Bi Zamzam kwa kuwa simu imekufa. Waliobaki huitia kifuani, na ndiyo maana yeye amechoka kupapasa vifua vya watu kila Alhamisi na Ijumaa. Ana miaka hamsini na minane na angependa kukaa kwake, anywe chai, asiguse ziwa la mtu tena mpaka afe.

Wanawake wa mtaa wa Mkomani humsifu hata hivyo. Husema mama yule aliungua kwa bintiye, sasa anawalinda mabinti wa wenzake. Yeye husikia, akainama na kujitia anapanga simu. Sifa hizo zilimchosha kuliko magoti, kwa sababu ya jambo alilolijua yeye peke yake.

Miaka tisa nyuma bintiye Nadra alikuwa na miaka ishirini na mmoja, amechumbiwa na mwalimu mmoja, Harith, na ndoa ilikuwa imebakisha miezi miwili. Katika arusi ya jirani Nadra alivaa gauni jekundu la kubana, nywele kazimwaga mgongoni, wanja umemkolea, akaingia kati kuteza. Wanawake walipiga vigelegele wakaambizana kwamba huyu si wa hapa, huyu wa filamu. Bi Zamzam alikuwa kaketi pembeni na simu mpya aliyopewa na dadake wa Mombasa. Fahari ikampanda. Akampiga picha moja, akamtumia dadake huyohuyo, na chini yake akaandika: Na sisi tunaye wetu.

Picha moja, kwa mtu mmoja. Dadake akamwonyesha bintiye bila kusema imetoka kwa nani, bintiye akaona tamu akawatumia wenzake, na siku ya tatu picha ikarudi Amu katika simu za wanaume, na maneno yake chini vilevile. Kwa wiki tatu Nadra alikuwa nyota bila kuomba. Vijana wa gatini waliiweka kwenye vioo vya simu zao, wakimwona kapita na buibui lake wanamwita "Wetu." Wazee waliokuwa wakiikemea picha barazani waliomba watumiwe, ili wajue wanakemea nini. Mamake Harith alikuja na adabu zake zote, akanywa kahawa, akarudisha neno: posa imevunjika.

Nadra alitaka kujua nani aliyempiga picha. Siku zile waliokuwa na simu ya kamera nzuri walihesabika, na mmoja wao alikuwa Shukri, rafikiye tangu chuoni, wakisoma juzuu moja. Shukri aliitwa, akaapa, akalia, akaapa tena. Hakuna aliyemwamini. Bi Zamzam alikuwapo, akimimina chai. Siku ya kwanza alinyamaza kwa hofu. Siku ya pili alinyamaza kwa kuwa siku ya kwanza alikuwa amenyamaza, na baada ya hapo kila siku ilikuwa nzito kuliko ya jana. Shukri akaja akaolewa Mtangawanda, kule Pate, na Amu hakanyagi ila kwa ugonjwa. Dadake wa Mombasa naye alikufa, Mungu amrehemu, siri ikabaki ya mtu mmoja. Mwaka uliofuata Bi Zamzam alishona ule mfuko.

Sasa mwaka huu Bi Mardhiya alikuwa akimwoza bintiye, na wiki nzima kabla ya siku yenyewe mji haukuzungumza bi arusi wala bwana arusi. Ulimzungumza Sundus. Sundus ni mwigizaji wa tamthilia za Mombasa, yule ambaye kila sehemu ya mchezo lazima amwibie mtu mume. Ana bango la mafuta ya kujipaka, refu kama ghorofa mbili, bega wazi, midomo nusu wazi, macho yamelegea. Hakuna mwanamume pwani nzima asiyekijua kidoti kilicho begani mwake, wala hakuna anayekubali kwamba anakijua. Na sasa ikajulikana kwamba ni jamaa ya bwana arusi upande wa Malindi, naye anakuja.

Siku ilipofika Nadra alikuja dakani kumsaidia mamake kugawa vibao. Amefika thelathini sasa, hajaolewa, anauza mafuta na udi kwenye ukurasa wake wa mtandaoni ambao hauna watu wengi. Bi Zamzam alimkagua kila aliyeingia. Nadra hakumkagua. Kwa miaka tisa hajawahi kumkagua, maana angemkagua kwa uso gani.

Baada ya alasiri aliingia mwanamke mfupi mwenye buibui na ninja, akatoa salamu kwa sauti ya kukwaruza, akatoa simu mbili. Alipofunua uso, Nadra akaangusha kibao. Bi Zamzam yeye aliona tu mtu aliyekosa usingizi.

"Wakagua kweli, mama, ama ni maneno tu?" Sundus aliuliza.

"Nakagua."

"Nikague na mimi basi. Wenzangu waone."

Bi Zamzam akamkagua. Chini ya dera mikono yake ilikutana na mshipi mgumu wa kubana tumbo, umekazwa mpaka nyama zimefura juu yake. Akauliza kama hauumi. Sundus akaketi kwenye kibaraza kama mtu aliyetua mzigo.

"Unauma. Nina watoto wawili, wote kwa kisu. Kule kwenye bango tumbo walinifutia kwa kompyuta, na kidoti wakanitia. Mimi begani sina kitu."

"Hata kidoti?"

"Hata hicho. Wanaume wananiandikia usiku na mtana habari za kidoti cha kompyuta." Alicheka kidogo bila furaha. "Mama, mimi sijateza ngoma miaka minane. Nikiinua mkono tu kuna mtu ameinua simu. Nikisahau kuvuta tumbo, kesho nchi nzima inanicheka, na wenye mafuta wanatafuta mwingine. Nimechoka kuvuta tumbo."

Bi Zamzam alimwonea huruma kweli, huruma ya mchovu kwa mchovu. "Vua hiyo zana uniwekee hapa," alimwambia. "Yeo utateza na tumbo lako. Hapana picha itakayotoka nyumba hii. Ni amana yangu kwako."

Sundus akamtazama kuona kama ni maneno ya mlangoni tu. Kisha akaenda pembeni, akaufungua mshipi, akaukunja kama mtandio, akaukabidhi, akapewa nambari. Aliingia ndani na dera tupu.

Wanawake walivunjika moyo mwanzoni. Walisubiri bango, wakaletewa mke wa mtu mwenye tumbo la uzazi, anayekosa mapigo ya ngoma na kujicheka mwenyewe. Lakini alivyoteza bila kujali, na jasho likimtoka na kilemba kimemlegea, wakamzoea upesi, wakamvuta katikati, bibi mmoja akamshika kiuno kumfundisha. Bi Zamzam aliinuka kwa shida akachungulia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka aliona kazi yake ina faida. Ndipo alipomwona Nadra nyuma ya pazia la chumba cha sahani, simu kaishika usawa wa kifua, inatazama kiwandani, pale uani pa ngoma.

Alimshika mkono akamrudisha dakani, akausindika mlango wa ndani.

"Nipa simu."

"Mama, ngoja kwanza. Ni dakika moja na nusu. Uso wake unaonekana wazi, tumbo linaonekana, kila kitu." Nadra alikuwa akihema. "Ndani mawe haya yanapitisha simu za kupiga tu, mtandao hapana. Nikitoka hapo ndiani tu inakwenda. Kesho nitaamka na watu laki moja."

"Nimempa amana."

"Amana!" Nadra alisema, kisha akapunguza sauti. "Mimi nilikuwa amana ya nani? Yeye ana mume, ana watoto, ana bango. Tumbo lake halitamuua. Mimi picha iliniharibia maisha, mama, na wewe unajua. Waja kunikagua leo? Mara moja tu, picha nayo inijenge."

Bi Zamzam akasimama mbele ya mlango wa nje. Hakuwa na nguvu za kumnyang'anya mtu kitu, na Nadra alijua. Angeweza kumwambia ni haramu, angeweza kulia. Yote hayo Nadra alishayasikia. Alilokuwa hajalisikia lilikuwa moja, na Bi Zamzam aliona kwamba likitoka atampoteza mwana aliyebaki naye nyumbani, na lisipotoka mwanamke wa watu ataliwa nyama kesho asubuhi kwa mikono ya mwanawe.

"Si Shukri," alisema. "Ile picha naliipiga mimi."

Nadra alimtazama. "Mama, usinifanyie mchezo ili nifute."

"Nalimtumia khaloo wako Mombasa. Nikaandika, na sisi tunaye wetu. Ni maneno yangu yale. Shukri hakuwa na mkono."

Nyuma ya mlango ngoma ilikuwa inaendelea. Nadra alikaa kwenye kibaraza. Bi Zamzam hakuthubutu kukaa, akabaki kasimama na magoti yanamuuma.

"Kwa nini?" Nadra aliuliza.

"Ulikuwa mzuri. Nikataka mtu aone."

"Shukri aliapa mbele yako. Alishika msahafu. Na wewe ukamimina chai."

"Nikamimina."

"Amezaa watatu. Sikwenda kumtazama hata mmoja. Alipofiwa na babake nilipita ndia nyingine nisimpe pole." Sauti yake haikupanda. Ingekuwa rahisi kwa Bi Zamzam kama ingepanda. "Miaka tisa watu wanakusifu, na mimi nawasaidia kukusifu."

 Bi Zamzam aliona haya, haya ya kweli ambayo haina pa kujificha, na chini ya haya hiyo aliona pia kwamba mzigo umetoka, na akajichukia kwa kuona nafuu mbele ya mwana anayeumia.

Nadra aliifungua simu, akaigeuza ili mamake aone, akaifuta ile video, akaenda na kwenye pipa la vilivyofutwa akaifuta tena. "Sikufutii wewe," alisema. "Namfutia yule, hajanikosea." Akaidumbukiza simu katika kijifuko kitupu, akajichukulia kibao mwenyewe, akajifunga mtandio vizuri.

"Kesho utapanda boti ya Mtangawanda," alisema. "Utakwenda peke yako, sikufuati. Utamwambia yeye kwanza, halafu mumewe, halafu mamake mumewe, mana wote walisikia. Sitakuuliza kama ulikwenda. Nitangoja yeye anipigie."

"Na asipokupigia?"

Nadra aliusukuma mlango wa ndani. "Basi nitajua hukwenda. Au nitajua ulikwenda na hakutusamehe. Yote mawili ni yako."

Akaingia. Kupitia mwanya wa mlango Bi Zamzam alimwona akipita katikati ya watu, hakuteza, akaenda kukaa karibu na mahali Sundus alipokuwa akipumzika, akampa maji. Sundus aliyapokea akamshukuru, hakujua kitu, wala hatajua.

Bi Zamzam alirudi kukaa. Ndani ya mfuko simu za watu zilikuwa zikilia moja baada ya nyingine, kama kawaida ya saa hizo, waume wakiuliza chakula na watoto. Mgeni mmoja aliyechelewa akaingia kutoka ndiani, akanyoosha simu bila kuambiwa. Bi Zamzam akaipokea, akampa nambari. Kisha, kwa kuwa mgeni alikuwa mke wa nahodha, akamwuliza kama anajua kesho maji yatajaa saa ngapi, boti ya Mtangawanda ipate kupita.